Vifuniko Ambavyo Sikuvifungua

Ndugu zangu, majirani, na nyote mnaonifahamu kwa jina la Volti, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho. Wengi wenu mmekwisha kuisikia nusu ya habari hii, na nusu mliyoisikia ni ile inayonipendelea. Leo nawapa nzima. Msidhani ni mambo ya jirani. Ni mambo ya nyumba yangu, na mkosaji ndiye huyu anayesimulia.

Asubuhi zetu zilikuwa tamu. Kabla jua halijapanda tulikuwa tayari mezani, chai inafuka, mkate umekatwa, na utani umeanza. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu ambaye ni fundi cherehani na hushonea hapo hapo barazani, na mdogo wake wa kike, yaani shemeji yangu, ambaye tulikaa naye mwaka wa nne. Mimi na shemeji tulifanya kazi mahali pamoja, kwenye ile hospitali kubwa ya mlimani. Lango lake liko bondeni na majengo yako juu, kana kwamba aliyeichora alidhani wagonjwa wana mapafu ya mbuzi. Kwa sababu hiyo hospitali ilinunua vigari vitano vya umeme, vile vya wacheza gofu, visivyo na milango wala kelele, vya kuwapandisha wagonjwa. Gofu yenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona ikichezwa. Wafanyakazi waliviita kobe. Shemeji alikuwa dereva wa kobe namba nne, na kwa jinsi alivyokuwa mwangalifu, wenzake walimbatiza Taratibu. Mimi nilikuwa fundi wa betri.

"Shemeji," aliniambia asubuhi moja akinitazama magotini, "hiyo ni suruali au chujio la chai?"

"Muulize dada yako. Mwenye sindano ni yeye."

"Mwenzenu nimechoka kutia viraka," mke wangu akadakia. "Laiti ningeolewa na muuza mkate! Ningeshiba, na nguo zingekuwa nzima."

Tulicheka. Nanyi mwelewe utani huo ulitoka wapi. Asidi ya betri ikikudondokea tone moja tu huioni, lakini nguo ikifuliwa, tundu linajitokeza. Suruali zangu zote zilikuwa hivyo. Fundi wa betri anayefanya kazi yake hawezi kuwa na suruali nzima.

Kazi yenyewe ni hii. Chini ya kiti cha kila kobe kuna betri sita, na kila betri ina vifuniko vinne juu yake. Kila Jumatatu asubuhi, kobe wakishashiba umeme kwenye chaja, nilitakiwa kufungua vifuniko vyote, kimoja kimoja, nichungulie kama maji yamezifunika sahani za madini ya risasi zilizomo ndani. Yakipungua, naongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba. Tena naongeza baada ya kuchaji, maana ukijaza kabla, maji huvimba na kumwagika pamoja na asidi. Halafu nasugua ule ukoko mweupe kwenye vichwa vya betri, nakaza nyaya, naandika kwenye kadi inayoning'inia nyuma ya kiti. Vifuniko ishirini na vinne kwa kobe mmoja, mia moja na ishirini kwa wote watano. Mgongo unakatika, macho yanawasha, na hakuna anayekupigia makofi.

Miaka miwili niliifanya kwa uaminifu. Kisha Jumatatu moja, mvua inanyesha na kiuno kinaniuma, nikamruka kobe namba mbili. Kadi nikaijaza hivyo hivyo, kama nilivyofungua. Nikangoja nione kitakachotokea. Wiki ikapita, kobe akapanda na kushuka kama kawaida. Hakuna kilichotokea. Jamani, afadhali angelipuka siku ile!

Wiki iliyofuata nikaruka wawili. Baada ya miezi michache sikuwa nikifungua hata kifuniko kimoja. Nilikaa stoo na kikombe cha chai, kadi tano mezani, nikaandika. Na uongo nao una ufundi wake. Sikuandika "sawa, sawa, sawa" kama mvivu wa kawaida. Niliandika hapa sawa, pale maji yamepungua kidogo, nimeongeza. Nilibadilisha kalamu. Msimamizi wetu, mtu wa kupenda maandishi safi, alichukua kadi yangu moja akaibandika ukutani ofisini iwe mfano kwa mafundi wengine. Nilipita mbele ya kadi ile kila siku nikijiona bwana mkubwa. Nikiikumbuka leo, masikio yananiwaka moto.

Mnajua kinachotokea betri ikikosa maji? Sahani zinabaki wazi, zinababuka, na zikishababuka hata uzimwagie mto mzima hazirudi. Siku moja betri moja ya kobe namba nne ikafa kabisa. Utaratibu ulikuwa wazi: toa taarifa, zibadilishwe zote sita kwa pamoja. Lakini ningetoa taarifa, wangeuliza imekuwaje betri ife mapema hivyo, na kadi inasema inanyweshwa kila wiki? Nikazunguka nyuma ya stoo kwenye lundo la betri zilizokwisha kutupwa, nikachagua kuukuu moja iliyokuwa na uhai kidogo, nikaifuta vumbi, nikaifunga mahali pa ile iliyokufa. Fundi yeyote wa betri atakwambia hilo ni kosa la kijinga. Betri dhaifu ikichanganywa na wenzake huwachosha wote. Nilijua. Nilifunga kiti, nikaenda kunywa chai.

Haikupita wiki mbili shemeji akaanza kulalamika.

"Shemeji, kobe wangu anakata pumzi akifika mwinuko wa jengo la macho. Asubuhi ni mzima, ikifika saa nne hoi."

"Mguu wako huo," nikamjibu. "Unakanyaga kama unaua nyoka. Kanyaga kama unakanyaga yai."

Mke wangu akacheka, shemeji naye akacheka. Yeye, ambaye kwa kwenda polepole alipewa jina! Akaanza kujilaumu, akawa anajizoeza kukanyaga yai. Mara ya pili aliponiambia, nilimjibu vivyo hivyo. Mara ya tatu sikumpa hata nafasi ya kumaliza.

Ikafika Jumatano. Saa nne asubuhi shemeji alimpandisha mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye fimbo na macho yenye ukungu, aliyekuwa anaenda kupimwa macho. Katikati ya mwinuko kobe akapunguza mwendo, akaguna, akasimama. Shemeji akavuta breki. Akamwomba mzee atulie, akashuka kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu, maana hakutaka kuiamini breki peke yake kwenye mteremko ule. Huo ndio uangalifu wake. Ameinama nyuma ya gari, jiwe mkononi, akasikia sauti ya mzee.

"Binti, usihangaike. Mimi nimepanda vilima tangu hujazaliwa."

"Hapana, mwalimu! Ngoja, nakuja!"

Alikuwa amechelewa. Mzee alishusha mguu, akakanyaga ukingo wa mtaro asiouona vizuri, akaanguka ubavu kwenye saruji. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Shemeji aliniambia alisikia mlio wake.

Nami nilifanya nini? Nilikimbia, ndiyo. Lakini sikukimbilia kwa mzee. Nilikimbilia kobe. Nikamvuta hadi stoo, nikamweka kwenye chaja, na alasiri msimamizi alipokuja kumjaribu kwenye uwanja wa tambarare, kobe akaenda vizuri tu. Tambarare haimchoshi hata mgonjwa.

Tukaitwa ofisini. Msimamizi mbele, shemeji pembeni yake, mimi karibu na mlango.

"Fundi," msimamizi akauliza, "betri zilikuwa na hali gani?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kwa neno moja tu. Mimi sikusema kweli wala sikusema uongo. Niliisukuma kadi mezani. Akaisoma, akaitikia kwa kichwa.

"Betri zimekaguliwa juzi Jumatatu. Zote sawa."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, si nilikuambia kobe anachoka? Mara tatu nilikuambia."

"Uliniambia," nikasema, "na mimi nikakueleza habari ya mguu."

Kwa maneno yale nilimmaliza. Msimamizi akaandika kwamba dereva amelilazimisha gari, kisha akamwacha mgonjwa peke yake kwenye mteremko. Shemeji akaachishwa kazi siku ile ile. Alitoka na sare yake mkononi, ameikunja vizuri.

Nyumbani nako mambo yakaharibika. Mke wangu, kwa kuwa aliniamini mimi, alimgeuzia mdogo wake maneno makali. "Mume wangu amekuombea kazi, ametia jina lake, ndiyo shukrani hii? Umemvunja mzee wa watu!" Wiki haikuisha shemeji akahamia chumba cha kupanga kwa rafiki yake. Asubuhi zetu zikabaki na watu wawili na chai. Utani ukafa. Mke wangu akawa anakosa usingizi, anashona huku anajifuta macho, dada mtu amegombana na mdogo wake wa tumbo moja. Mimi nilikaa hapo hapo nikimwaza shemeji na nikimimina sukari.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoionea aibu kuliko zote. Kila Jumamosi shemeji alikuwa anakwenda kwa yule mwalimu. Mzee alikuwa mjane na watoto wake wako mbali, na baada ya kutoka wodini alikuwa hawezi kusimama bila kushikiliwa. Shemeji alimfulia mashuka, akampigia deki, akamsomea gazeti. Siku moja nilikutana naye njiani amebeba ndoo na sabuni.

"Naenda kwa mwalimu," akasema bila kuniangalia usoni. "Nisipokwenda, shemeji, silali."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Una moyo mzuri. Mungu atakulipa." Nikampita.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wangu mimi alikuwa mke wangu. Alasiri moja ya Jumapili alikuwa ananyoosha nguo zangu. Akaishika suruali ya kazini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza mbele na nyuma. Akachukua nyingine.

"Baba," akaniita, "hizi nilikushonea mwaka jana."

"Ndiyo."

"Hazina hata tundu moja."

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Nilikuwa nafurahi. Nilisema mume wangu amekuwa mwangalifu." Akaiweka pasi chini. "Ulikuwa unavifungua vile vifuniko, au ulikuwa huvifungui?"

Nilitaka kumwambia nimenunua aproni. Uongo ulifika ulimini ukakataa kutoka. Nilitazama sakafu, na kutazama kwangu sakafu kukawa jibu. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akashika kichwa, akasema polepole, "Nimemfukuza mdogo wangu kwa ajili yako."

Kisha akasema: "Kesho utasema wewe, au nitakuja kusema mimi."

"Nitasema."

"Mbele yake?"

"Mbele ya wote."

Ndugu zangu, natamani habari ingeishia hapa, niwaambie nilikwenda nikakiri, mkanipa pole na kunipongeza kwa ujasiri. Haikuwa hivyo. Jumatatu nilifika nimeyapanga maneno, nikakuta kobe wawili wengine wamekufa kabisa na msimamizi amemleta fundi kutoka kampuni inayouza betri. Alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, aproni yake imetoboka kama chandarua kizee. Madereva wote walikuwa wamesimama kumzunguka. Mke wangu naye alikuwa amefika, yuko na shemeji pale mlangoni pa stoo. Alikwenda kumchukua alfajiri ili nikiri mbele yake. Nafasi ilikuwa yangu. Nikajiambia, ngoja kwanza, labda haitaonekana.

Mama fundi akasema ataanza na yule aliyesimama mlimani, akainua kiti cha namba nne. Akafungua kifuniko cha kwanza, akamulika kwa tochi. Akafungua cha pili. Akavaa miwani.

"Nani anaziangalia hizi?"

"Mimi," nikasema. "Zimekauka wiki hii, kwa sababu ya joto."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi.

"Mwenzangu, maji ya wiki moja hayaachi sahani zikababuka hivi. Hizi hazijaonja maji mwaka mzima." Akagonga betri ya pembeni kwa bisibisi. "Na huyu mgeni ametoka wapi? Tarehe yake inaonyesha amewatangulia wenzake miaka mitano. Gari lenye betri kama hizi likipanda mlima lazima lisimame, hata aliendeshe malaika."

Msimamizi akaichukua kadi nyuma ya kiti, akaisoma kwa sauti: "Betri ya tatu, kifuniko cha pili, maji yamepungua kidogo, nimeongeza." Akaniangalia. "Umeongeza?"

Nikasema hapana. Hapo ndipo niliposema. Sikukiri, ndugu zangu; nilikamatwa, na msiache mtu yeyote awaambie kwamba mambo hayo mawili ni sawa.

Niliachishwa kazi, na ni haki. Shemeji alirudishiwa kazi yake na kuombwa radhi kwa barua. Betri zilibadilishwa zote kwa kobe wote watano, na leo mama yule ndiye anayekuja kila Jumatatu. Lakini shemeji hakurudi nyumbani kwetu. Yeye na dada yake wamepatana, wanakutana kwingine. Mimi nilimfuata kumwomba msamaha, nikamkuta anapiga pasi sare. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi watu hupoteza," akanijibu. "Hilo ningekusamehe siku ile ile. Lakini siku sabini nimelala nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemvunja yule mzee. Kila nikifumba macho nilisikia ule mfupa. Na wewe ulikuwa unajua. Ulinikuta njiani na ndoo, ukaniambia nina moyo mzuri."

Akanifungulia mlango kwa adabu, kama anavyofunguliwa mgeni.

Nikaenda kwa mwalimu. Alikuwa kitini, miguu imefunikwa shuka, vyuma vya kutembelea viko pembeni. Nikapiga magoti nikamweleza habari ya vifuniko, ya kadi, ya ile betri kuukuu. Nilidhani atanilaani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Basi mwambie yule binti asije tena kufua. Hana deni kwangu. Utakuja wewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kila Jumamosi. Na utasugua. Si kulowanisha na kuanika. Mimi macho yangu mabovu, lakini pua yangu nzima."

Huu ni mwezi wa tisa tangu nianze. Majirani mnaoniona Jumamosi nimebeba ndoo na kuniuliza naenda wapi, nami nikawajibu "kwa rafiki yangu mmoja," sasa mnajua. Akimaliza kunusa mashuka, mwalimu huniambia, "Hili hapa, rudia." Nami narudia.

Funzo

Kazi isiyoonekana ndiyo inayowabeba watu. Aliyeketi kwenye kobe hajui kama kuna vifuniko ishirini na vinne chini yake. Anamwamini mtu asiyemwona. Wewe ambaye watu wanakuamini bila kukuona, iwe ni betri, dawa, breki, au maji ya kunywa, usiandike ambacho hujakifanya. Siku ya kwanza hakuna kitakachotokea, na huo ndio mtego wenyewe.

Na ukikosea, sema mapema, ingali aibu yako peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimejifunza kwamba kabla ya kumuumbua yeye humuumiza mwingine kwanza. Niliogopa kuaibika mbele ya watu wachache kwa asubuhi moja, nikamtwisha binti asiye na kosa mzigo wangu siku sabini. Mfupa wa mwalimu umeunga. Shemeji yangu tukikutana ananisalimu vizuri, ananiuliza hali ya nyumbani, na hajawahi tena kunitania.